Washawnee Mbele ya Mchoraji

Usiku mmoja wa Agosti 1812, katika mji wa Amherstburg ulio upande wa Kanada wa mto Detroit, kapteni wa Kiingereza aitwaye John Glegg alimtazama kwa makini mgeni aliyekuja kuonana na mkuu wake, Jenerali Isaac Brock. Baadaye aliandika alichokiona. Mtu mwenye umbo jepesi lililojengeka vizuri, rangi ya shaba isiyokolea, uso wa yai na macho ya hudhurungi yaliyojaa uchangamfu. Chini ya pua yake zilining'inia taji tatu ndogo za fedha. Shingoni alivaa nishani kubwa yenye sura ya Mfalme George III, imetungwa kwenye uzi wa shanga za wampum. Koti na suruali vilikuwa vya ngozi ya kulungu, na viatu vyake vya ngozi vilinakshiwa kwa miiba ya nungu. Glegg alimkadiria umri wa miaka 35. Kwa hakika alikuwa na miaka ipatayo 44. Jina lake lilikuwa Tecumseh, kiongozi wa Kishawnee aliyekuwa akiyaunganisha makabila ya wenyeji wa Amerika dhidi ya Marekani. Siku chache baadaye, tarehe 16 Agosti, ngome ya Detroit ilisalimu amri mbele ya jeshi la Brock na wapiganaji wa Tecumseh.

Maelezo ya Glegg yana thamani kubwa kwa sababu moja: picha hakuna. Hakuna hata mchoro mmoja wa Tecumseh unaokubaliwa na wanahistoria wote kwamba ulichorwa yeye akiwa amekaa mbele ya msanii. Hata hivyo uso wake umechongwa kwenye marmari, umechapwa kwenye sarafu na stempu, umepakwa rangi chini ya kuba la Bunge la Marekani na kuigizwa kwenye filamu. Na wakati huohuo, Washawnee wengine waliokaa kweli kwenye kiti mbele ya mchoraji, mchana kweupe, majina yao yakaandikwa pembeni ya picha, hawajulikani nje ya duru za wataalamu. Ukitaka kuelewa kwa nini ilikuwa hivyo, inabidi uulize kwa kila picha: nani aliiagiza, na alikuwa akitaka nini?

Washawnee ni watu wa jamii ya lugha za Kialgonquian. Katika karne ya 18 makao yao makubwa yalikuwa bonde la mto Ohio, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Ohio na majirani zake. Walikuwa na matawi matano, yakiwemo Chalahgawtha, Mekoche na Kispoko, tawi lililomlea Tecumseh. Walikuwa wasafiri wakubwa. Vijiji vyao vilihama mara kwa mara, kwa biashara, kwa vita au kwa kusukumwa. Waingereza, Wafaransa na baadaye Wamarekani walijikuta wakizungumza nao kwenye mabaraza ya amani na kupigana nao msituni, na katika nafasi zote mbili walitokea watu wenye kalamu za kuchorea.

Miongoni mwa picha za mwanzo zinazowahusu ni zile za Benjamin West. Mwaka 1764 Kanali Henry Bouquet aliongoza jeshi la Kiingereza hadi mto Muskingum kuwalazimisha Washawnee, Wadelaware na jirani zao wakubali amani na kuwarudisha mateka wa kizungu. Kitabu cha safari hiyo kilipotolewa upya London mwaka 1766, kilikuwa na picha mbili za West: moja ya msemaji akihutubia mbele ya moto wa baraza, nyingine ya mateka wakikabidhiwa, watoto wakiwang'ang'ania wazazi wa Kihindi waliowalea. West alizaliwa Pennsylvania mwaka 1738, kwa hiyo wenyeji wa Amerika hawakuwa wageni machoni pake, ila hakuwapo Muskingum. Alikuwa Ulaya tangu 1760. Alichora baraza alilolisoma.

Miaka 30 baadaye akapita mtu aliyeona kwa macho yake. Georges-Henri-Victor Collot alikuwa jenerali wa Kifaransa aliyetumwa kupeleleza mito ya Ohio na Mississippi mwaka 1796, kupima ngome, kina cha maji na nguvu za makabila. Kitabu chake kilichapishwa Paris mwaka 1826, muda mrefu baada ya kifo chake, na ndani yake imo picha ya mtu mmoja wa Kishawnee. Jina hakupewa. Ameitwa tu mwenyeji wa taifa hilo, akisimama kama kielelezo cha wenzake wote. Jasusi alihitaji kujua Washawnee wanafananaje. Mtu huyo mmoja ni nani, halikuwa swali lake.

Majina yalianza kuandikwa pale Serikali ya Marekani ilipoanza kulipa wachoraji.

Thomas McKenney alisimamia biashara kati ya serikali na makabila, kisha akawa mkuu wa Ofisi ya Masuala ya Wahindi tangu 1824 hadi alipoondolewa na Rais Andrew Jackson mwaka 1830. Kila ujumbe wa viongozi wa makabila ulipofika Washington kujadili mikataba ya ardhi, McKenney aliwapeleka kwenye studio ya Charles Bird King. King alikuwa mchoraji wa mji, mzoefu wa kuchora mawaziri na wake zao. Sasa aliwachora wageni hao mmoja mmoja, kifua na uso, kwa rangi za mafuta juu ya mbao. Picha zilitundikwa Wizara ya Vita, na idadi ilizidi 140. Wageni wa mji walikwenda kuziangalia. Wapo wabunge walionung'unika kwamba fedha za umma zinatumika kwa anasa.

Wakuu wa Kishawnee walikuwemo kwenye mkusanyo huo. Kishkalwa, mzee wa vita vya karne ya 18, alichorwa mwaka 1825. Wapo pia Paytakootha na Quatawapea, ambaye Wamarekani walimwita Kanali Lewis na ambaye kijiji cha Lewistown, Ohio, kilichukua jina lake. Na yupo Catahecassa, aliyejulikana kwa Kiingereza kama Black Hoof, mtu ambaye pengine alifanya zaidi ya mwingine yeyote kuamua Washawnee wa Ohio waishi vipi baada ya vita.

Black Hoof alipigana na Wamarekani kwa miaka mingi. Mwaka 1795 akatia alama yake kwenye Mkataba wa Greenville, uliowanyang'anya wenyeji sehemu kubwa ya Ohio, na tangu siku hiyo hakurudi nyuma. Katika kijiji cha Wapakoneta alikaribisha wamisionari wa Kiquaker, akahimiza ufugaji, mashamba ya mtindo wa kizungu na kinu cha kusagia nafaka. Tecumseh alipopita akitafuta wapiganaji, Washawnee wengi walibaki na mzee wao. Hesabu hiyo husahaulika kirahisi: katika vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza, Washawnee wengi wa Ohio hawakumfuata Tecumseh, na baadhi yao, Quatawapea akiwemo, walisaidia upande wa Marekani. Watu hao ndio walioitwa studio. Waliokaa mbele ya King walikuwa wajumbe wa maelewano, na McKenney alitaka waonekane hivyo.

Ukizitazama picha hizo leo, nguo zinasema mengi. Kuna vilemba vya kitambaa cha rangi, mashati ya kaliko, makoti ya kizungu, bangili na vidani vya fedha vilivyonunuliwa kwa ngozi za wanyama, nishani zenye sura za marais. Masikio yamekatwa ukingoni na kuvishwa mapambo, desturi ambayo wanaume wa Kishawnee waliipenda. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoweza kuitwa cha kale kabisa au cha kigeni kabisa. Fedha ilitoka kwenye karakana za Montreal au Philadelphia, lakini namna ya kuivaa ilikuwa ya bonde la Ohio. Msomaji anayemtafuta mwenyeji aliyevaa manyoya na ngozi tupu hatampata kwa King.

Mmoja wao, hata hivyo, hakuwa mtu wa maelewano hata kidogo. Tenskwatawa, mdogo wake Tecumseh, alikuwa mganga asiye na sifa na mlevi, aliyepoteza jicho la kulia tangu utotoni kwa ajali ya mshale. Mwaka 1805 alianguka kama mtu aliyekufa, akazinduka na ujumbe. Wenyeji waache pombe, waache mitindo na bidhaa za wazungu, waache kuuza ardhi. Gavana William Henry Harrison wa Indiana aliwaambia watu wamtake nabii huyo asimamishe jua. Tarehe 16 Juni 1806 jua lilipatwa, kama Tenskwatawa alivyokuwa ametangaza. Wafuasi wakamiminika. Mwaka 1808 ndugu hao wawili walianzisha mji wa Prophetstown mahali mto Tippecanoe unapoingia Wabash, na Novemba 7, 1811, wakati Tecumseh yuko safarini kusini, Harrison alipigana na watu wa mji huo na kuuchoma moto.

Nabii alinusurika na kukimbilia Kanada. Miaka zaidi ya 10 baadaye alikuwa Detroit, ameketi kwa siku nyingi na karani wa Gavana Lewis Cass, akijibu maswali kuhusu mila za Washawnee. Cass alikuwa na mpango: kumtumia mzee huyu kuwashawishi ndugu zake wa Ohio wahame kwenda magharibi. Katika kipindi hichohicho mchoraji James Otto Lewis alimchora kwa agizo la Cass. Anaonekana na kilemba kichwani, masharubu membamba, vipini na vidani vya fedha, jicho la kulia limefumba. Mtu aliyewahi kuhubiri watu watupe bidhaa za wazungu alichorwa akiwa amepambwa kwa fedha ya dukani, kwa agizo la gavana aliyekuwa na haja naye.

Safari ya picha hiyo ni somo lenyewe. Lewis alichora haraka, kwa rangi za maji. King, huko Washington, aliinakili kwa rangi za mafuta, akilainisha mistari na kuongeza vivuli. Kisha McKenney na mwandishi James Hall walipoandaa kitabu chao kikubwa kuhusu makabila ya Amerika Kaskazini, mchoraji Henry Inman alipewa kazi ya kunakili nakala za King, zaidi ya 100 kwa jumla. Nakala za Inman zikapelekwa kwa wachapaji wa Philadelphia, wakazihamishia kwenye mawe ya chapa, na kurasa zilizotoka zikapakwa rangi kwa mkono. Kitabu kilitoka kwa juzuu tatu kati ya 1836 na 1844, na picha 120 za rangi. Kwa hiyo uso wa Tenskwatawa ambao watu wameuona zaidi ni nakala ya nakala ya nakala. Lewis naye alitoa kitabu chake mwenyewe mwaka 1835, chapa zikiwa na mistari migumu, na wachambuzi wakamcheka kwa ukosefu wa ufundi. Lakini ndiye aliyekaa chumba kimoja na Tenskwatawa.

Januari 24, 1865, mafundi waliokuwa wakiweka jiko katika jengo la Smithsonian waliingiza bomba la moshi mahali pasipokuwa na njia ya kutolea moshi. Moto ulianzia ndani ya ukuta. Paa la ghorofa ya juu liliporomoka na karibu mkusanyo wote wa King, uliokuwa umehamishiwa hapo, ukateketea. Pamoja nao ziliungua picha nyingi za John Mix Stanley, mchoraji mwingine wa wenyeji aliyeziacha hapo akingoja serikali izinunue. Nakala za Inman zilisalimika na nyingi ziliishia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1882. Ile ya Tenskwatawa iko leo katika Jumba la Taifa la Picha za Watu huko Washington. Kilichokuwa kazi ya pili kikawa, kwa bahati ya moto, ushahidi wa kwanza.

George Catlin hakupoteza kitu katika moto huo, na sababu yake ni ya kushangaza: alikuwa amefilisika. Catlin, mwanasheria wa Pennsylvania aliyeacha mahakama akashika brashi, alifika St. Louis mwaka 1830 na mwaka huohuo akawachora Washawnee waliokuwa tayari wamehamia Kansas. Alichora zaidi ya picha 500 za makabila mbalimbali, akazizungusha Marekani, London na Paris, akaliomba Bunge lizinunue, na Bunge likakataa. Mwaka 1852 madeni yakamfikisha pabaya. Tajiri wa Philadelphia, Joseph Harrison, aliyalipa akachukua picha zote na kuzihifadhi kiwandani mwake. Mwaka 1879, baada ya mumewe kufariki, mjane wa Harrison alizitoa zawadi kwa Smithsonian, ambako ziko mpaka sasa. Kama serikali ingezinunua mapema, huenda nazo zingekuwa ghorofani siku ile ya Januari.

Miongoni mwa Washawnee wa Catlin yupo mzee sana, Lay-law-she-kaw, nywele nyeupe, masikio yaliyokatwa na kurefushwa kwa uzito wa mapambo aliyoyavaa ujanani. Yupo binti yake, Ka-te-quaw, na hili ni jambo la nadra: wanawake wa Kishawnee hawakuwa sehemu ya ujumbe wa Washington kwa macho ya serikali, hivyo karibu hawapo kwenye picha za McKenney, ingawa katika vijiji vyao kulikuwa na wanawake wenye cheo na sauti katika mambo ya vita na amani. Na yupo Tenskwatawa kwa mara nyingine. Safari hii hana kilemba wala koti. Ana manyoya ya ndege kichwani, mkono mmoja umeshika fimbo aliyoiita moto wake mtakatifu, mwingine umeshika uzi wa maharage matakatifu, vitu alivyovitumia kuapisha wafuasi miaka 20 hivi kabla ya hapo.

Wanahistoria wamejiuliza kwa nini picha mbili za mtu mmoja zinatofautiana hivyo. Catlin aliamini kwamba wenyeji wa Amerika wako mbioni kutoweka, na alitaka kuwachora kama walivyokuwa kabla ya duka na mmisionari. Tenskwatawa naye hakuwa mwanasesere. Alikuwa mzee aliyeshindwa vita, anayeheshimiwa na kupuuzwa kwa pamoja, kama Catlin mwenyewe alivyoeleza, na hapa alipewa nafasi ya kuonyesha alikuwa nani alipokuwa na nguvu. Inawezekana kabisa kwamba msanii na nabii walitaka kitu kimoja. Tenskwatawa alifariki Novemba 1836, mahali palipo leo ndani ya mji wa Kansas City, Kansas.

Mwaka ambao Catlin alimchora ndio mwaka ambao Jackson alitia saini Sheria ya Kuwahamisha Wenyeji. Black Hoof, aliyekuwa amefanya kila alichoombwa, alikataa kuhama mpaka kifo kilipomkuta Wapakoneta mwaka 1831. Katika miaka miwili iliyofuata watu wake walisafirishwa kuelekea magharibi ya mto Mississippi. Juzuu ya McKenney na Hall yenye picha yake ilitoka wakati mashamba aliyoyapigania yamekwisha kugawiwa walowezi.

Tecumseh alikuwa ameuawa tangu Oktoba 5, 1813, katika vita vya mto Thames, Ontario. Maiti yake haikutambuliwa kwa uhakika, na askari wa Kentucky walichuna vipande vya ngozi kutoka mwili waliodhani ni wake. Lakini kifo hicho kilikuwa na faida ya kura. Richard Mentor Johnson, kanali aliyedai kuwa ndiye aliyempiga risasi, alipanda hadi umakamu wa rais mwaka 1837. Tangu miaka ya 1830 maduka ya chapa yaliuza picha zake akiwa juu ya farasi, bastola mkononi, na mbele yake shujaa wa Kishawnee ameinua shoka. Mwaka 1840 William Henry Harrison naye alishinda urais kwa kaulimbiu iliyojengwa juu ya jina Tippecanoe. Wanasiasa wawili walikuwa wamepanda ngazi moja, na katika picha hizo Tecumseh ana kazi moja tu: kufa vizuri.

Mchongaji Ferdinand Pettrich, Mjerumani wa Dresden aliyefika Marekani mwaka 1835, alimfanya kuwa sanamu ya marmari iliyokamilika mwaka 1856. Tecumseh amelala nusu, amejiegemeza kwa mkono, mwili ukiwa na misuli ya mashujaa wa Roma ya kale. Sanamu hiyo ilikaa kwa miaka kadhaa katika jengo la Bunge kabla ya kuhamia Smithsonian. Juu ya kuta za ukumbi wa duara wa jengo hilohilo, kwenye ukanda uliochorwa kuonyesha historia ya Amerika, Filippo Costaggini alipaka rangi kifo chake tena katika miaka ya 1880, akifuata michoro ya Constantino Brumidi.

Uso ulioingia vitabuni ulitoka kwa Benson John Lossing, mwandishi na mchongaji wa New York, aliyechapisha mwaka 1868 kitabu kinene kuhusu vita vya 1812. Lossing alieleza wazi jinsi alivyoiunda picha yake. Kichwa alikitoa kwenye mchoro wa penseli uliosemekana kuwa wa Pierre Le Dru, mfanyabiashara wa Kifaransa wa Vincennes, aliyeuchora yapata 1808. Nguo alizitoa kwenye mchoro mwingine kabisa, uliomwonyesha Tecumseh na koti la brigedia jenerali wa Kiingereza, na Lossing mwenyewe alikiri kwamba mchoro huo wa pili ulifaa kwa mavazi tu. Akaviunganisha. Matokeo ni kijana mwenye kofia nyekundu na unyoya mmoja, pete ya pua, koti la jeshi na nishani ya mfalme. Glegg aliona ngozi ya kulungu. Waliomwona siku ya mwisho walisema hivyohivyo. Koti la jenerali ndilo lililoshinda. Kutoka kwa Lossing lilikwenda kwa Owen Staples wa Toronto mwanzoni mwa karne ya 20, na kutoka hapo kwenye vitabu vya shule, mabango na kuta za madarasa.

Huko Annapolis, Maryland, katika Chuo cha Wanamaji cha Marekani, lipo sanamu ambalo wanafunzi wote hulitambua kama Tecumseh. Kabla ya mechi kubwa za futiboli ya Kimarekani hulipaka rangi za vita, na wakienda kwenye mitihani hulirushia sarafu za senti kuomba bahati. Asili yake ni sanamu la mbao lililokuwa kwenye omo ya manowari Delaware, iliyoshushwa majini mwaka 1820, na lilichongwa kumwakilisha Tamanend, kiongozi wa Walenape aliyesifika kwa amani. Manowari iliteketezwa mwaka 1861, sanamu likaokolewa likapelekwa chuoni. Wanafunzi walijaribu majina mengine kabla ya kushikilia la Tecumseh. Mwaka 1930 liliwekwa nakala ya shaba, zawadi ya wahitimu wa 1891. Mtu wa amani wa kabila moja amekuwa akijibu jina la mtu wa vita wa kabila lingine kwa zaidi ya karne.

Kanada ilimkumbuka kwa namna yake. Kwao Tecumseh ni mshirika aliyesaidia kuilinda nchi isimezwe, na alipotimia mwaka wa 200 tangu vita vile, 2012, sura yake ilitokea kwenye sarafu ya senti 25 na kwenye stempu, akiwa katika kundi moja na Brock. Ujerumani Mashariki ilimwona kwa jicho la tatu: filamu ya Tecumseh ya studio za DEFA, mwaka 1972, ilimfanya mpinzani wa ubepari unaopora ardhi, akiigizwa na Gojko Mitić, Myugoslavia. Ohio kwenyewe, mchezo wa jukwaani kuhusu Tecumseh umekuwa ukionyeshwa wakati wa kiangazi karibu na mji wa Chillicothe tangu 1973.

Blue Jacket, kiongozi wa vita wa Kishawnee aliyeishinda Marekani vibaya mwaka 1791 akishirikiana na Little Turtle wa Wamiami, hakuachiwa hata kifo chake. Hakuna picha yake ya uhai. Pengo hilo likazibwa na hadithi iliyoanza magazetini mwaka 1877, kwamba alikuwa mzungu aliyetekwa utotoni. Riwaya za Allan Eckert ziliieneza katika miaka ya 1960, na mji wa Xenia ukaiigiza jukwaani kuanzia 1982 hadi 2007. Wazao wake walikanusha daima. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2006 uliwalinganisha na ukoo wa mzungu aliyetajwa, na uhusiano haukuonekana. Mjukuu wa Blue Jacket, Charles Bluejacket, kiongozi wa Washawnee wa Kansas na mhubiri wa Kimethodisti, alipigwa picha ya kamera akiwa amevaa suti. Aliishi mpaka 1897. Mtu aliyetaka kujua ukoo huo unafananaje angeweza kumtazama yeye.

Ilipofika mwaka 1910 hivi, mwanaanthropolojia M. R. Harrington alikuwa Oklahoma akikusanya vitu kwa ajili ya tajiri George Heye wa New York, ambaye makusanyo yake baadaye yalikuja kuwa msingi wa Jumba la Taifa la Makumbusho ya Wenyeji wa Amerika. Huko alimkuta mkulima wa Kishawnee aliyependa kuchora. Ernest Spybuck alizaliwa mwaka 1883 karibu na mji mdogo ambao, kwa bahati, uliitwa Tecumseh. Alijifunza mwenyewe. Harrington alimwagiza amchoree sherehe ambazo kamera haikuruhusiwa kuingia.

Alichokileta Spybuck hakifanani na chochote kilichotangulia. Hakuna kifua na uso. Kuna watu wengi wadogo, kila mmoja na shughuli yake: wachezaji wa ngoma wakiingia uwanjani, wapishi kando ya moto, farasi wamefungwa mtini, magari ya kukokotwa yamepangwa, mbwa, watoto, na mara nyingine watazamaji wa kizungu wamesimama pembeni. Wanaume wengine wamevaa kofia za wachunga ng'ombe, wengine mavazi ya ngoma, na hakuna anayeonekana kushangazwa na mchanganyiko huo. Alipochora ibada ya peyote, alikata upande wa hema ili mtazamaji aone walioketi ndani kuuzunguka moto na wakati huohuo aone usiku ulio nje. Katika picha yake ya makazi ya Washawnee yapata 1890, aliyoichora mwaka 1910, alirudia mazingira ya utoto wake. Yeye mwenyewe alikuwa mshiriki wa ibada hizo. Alijua nani hukaa wapi, ngoma inashikwa na nani, na kuni zinapangwaje. Katika picha hizi, mtu aliyeshika brashi alikuwa mmoja wa waliochorwa, japo mnunuzi bado alikuwa mgeni. Spybuck alifariki mwaka 1949.

Nyuma yake wamekuja wengine. Ruthe Blalock Jones, mzaliwa wa Oklahoma mwaka 1939 mwenye damu ya Kidelaware, Kishawnee na Kipeoria, alifundisha sanaa kwa miaka mingi katika Chuo cha Bacone, na kazi zake zimejaa wanawake: wamejifunga mashali, wanasubiri zamu uwanjani, wanacheza. Ni kundi ambalo wachoraji wa Washington walilipita.

Leo Washawnee wana serikali tatu zinazotambuliwa na Marekani, zote zikiwa na makao Oklahoma: Absentee Shawnee, Eastern Shawnee, na Shawnee Tribe, lililopata tena utambulisho wake wa pekee mwaka 2000 baada ya kuhesabiwa ndani ya taifa la Cherokee tangu 1869. Jimbo la Ohio lilipoamua kujenga kituo cha historia huko Oldtown, karibu na Xenia, mahali palipokuwa na mji wa kale wa Kishawnee ulioitwa pia Chillicothe, serikali hizo tatu zilikaa mezani kuamua kitakachoonyeshwa. Kituo kilifunguliwa Juni 2024, jengo lake likiwa na umbo la nyumba ndefu ya baraza. Kipo karibu na mji uleule uliomwigiza Blue Jacket kama mzungu kwa miaka 25, na safari hii maelezo ya ukutani yalipitia kwanza mikononi mwa wazao wake.